Ziara za Siku Moja na za Kulala Nje kwa Watoto wa Shule ya Msingi: Faida Zake na Namna ya Kuzipata

Kila muhula unapoanza, wazazi na walimu wa shule za msingi hurudia kuuliza swali lilelile: je, ziara ya kimasomo ina faida inayolingana na fedha, muda na wasiwasi unaoambatana nayo? Ziara ya kimasomo, katika makala haya, ni safari ambayo wanafunzi huifanya wakiwa na walimu wao kwenda mahali palipo nje ya shule ili kujifunza jambo lililomo katika masomo yao. Inaweza kuwa ya siku moja, ambapo watoto huondoka asubuhi na kurejea jioni, au ya kulala nje, ambapo hulala usiku mmoja au zaidi chini ya uangalizi wa walimu. Jibu la swali hilo ni kwamba faida ipo, tena ni kubwa, lakini hutokana zaidi na kazi inayofanyika darasani kabla ya basi kuondoka na baada ya kurudi kuliko na umaarufu wa mahali penyewe. Shule nyingi humaliza nguvu zote katika kutafuta basi na kukusanya michango, na zinapofika huko watoto hawajui wamekwenda kutafuta nini.

Maelezo yanayofuata yamelenga hasa shule za Tanzania Bara, ingawa mengi yanafaa popote pale.

Kile ambacho ziara humpa mtoto

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jambo hili. Katika Kijiji cha Makumbusho kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam, ambacho kilianzishwa 1966, zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania, zikiwemo tembe ya Wagogo, yenye paa bapa lililofunikwa kwa udongo, na msonge wa Wahaya, wenye umbo la mviringo na nyasi zinazoteremka hadi karibu na ardhi. Mtoto anayesoma kitabuni kwamba makazi ya watu hutegemea hali ya hewa hukariri sentensi hiyo kwa ajili ya mtihani, lakini yule anayeinama kuingia ndani ya msonge, kisha akatoka na kusimama chini ya ukingo wa tembe, hujiuliza mwenyewe kwa nini paa moja limelala na jingine limesimama. Mwalimu aliyejiandaa humjibu kwa takwimu: Dodoma, kwa Wagogo, hupata takriban milimita 600 za mvua kwa mwaka, na Bukoba, kwa Wahaya, hupata takriban milimita 2,000. Paa la udongo lililo bapa lingelowa na kuporomoka Bukoba kabla masika hayajaisha, na nyasi nyingi za kuezekea msonge si rahisi kupatikana katika nchi kavu. Hapo mtoto ameunganisha jiografia, hisabati na historia kwa dakika kumi, na ameuona uhusiano huo kabla ya kuambiwa.

Faida ya namna hiyo, yaani mtoto kugundua sababu ya jambo kwa kulitazama, ndiyo inayohalalisha gharama. Zipo nyingine zinazojulikana zaidi, kama vile kuongeza msamiati, kujenga urafiki kati ya wanafunzi wasiokaa dawati moja, na kumpa nafasi mtoto ambaye kwenye karatasi ni wa mwisho lakini nje ya darasa ndiye mwenye macho makali kuliko wenzake. Hii ya mwisho haitajwi mara nyingi, na inastahili kutajwa, kwa kuwa mwalimu anayemwona mtoto wa aina hiyo akiwa wa kwanza kutambua unyayo wa mnyama au jina la mti hubadili namna anavyomtazama kwa mwaka mzima.

Kile ambacho usiku mmoja huongeza

Ziara ya kulala nje hufundisha yale ambayo saa nane za mchana haziwezi kuyagusa. Mtoto hutandika kitanda chake, hufunga chandarua, hutunza mswaki na taulo lake, hupanga foleni ya kuoga, huosha sahani aliyolia na hulala bila mama yake kuwepo chumba cha pili. Wazazi wengi husimulia kwamba mtoto aliyerudi hutandika kitanda kwa siku kadhaa bila kuambiwa. Tabia hiyo hudumu iwapo nyumbani ataachiwa aendelee nayo, na hupotea iwapo dada wa kazi atairudia kazi hiyo.

Mazingira nayo hubadilika usiku. Katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964 na ambayo hukatwa na barabara kuu iendayo Zambia, kundi linalopita mchana huwaona twiga na pundamilia kupitia dirishani, lakini kundi linalolala karibu na hifadhi husikia sauti za wanyama gizani, huona nyota ambazo taa za mjini huzificha, na huamka alfajiri, wakati ambapo wanyama wengi hutembea kabla jua halijawa kali.

Hata hivyo, ziara ya kulala nje haifai kuwa ya kwanza. Shule ambayo haijawahi kupeleka watoto popote ianze na safari ya nusu siku iliyo karibu, kama vile sokoni, posta, kituo cha zimamoto au shamba la jirani, kisha ziara ya siku moja, na baada ya hapo ndipo ifikirie usiku mmoja. Kwa watoto wa madarasa ya chini, yaani la kwanza hadi la tatu, safari fupi zinatosha. Kulala nje kunawafaa zaidi wa darasa la tano na la sita, ambao wanaweza kujihudumia.

Kuchagua mahali

Kosa linaloharibu ziara nyingi ni kutaka kuona kila kitu. Ratiba inayosema Makumbusho ya Taifa saa tatu, bandarini saa tano, uwanja wa ndege saa saba na ufukweni saa tisa humpa mtoto siku ya kupanda na kushuka basi. Mahali pamoja panatosha, na pakizidi pawe pawili panapohusiana.

Kwa shule za Dar es Salaam na Pwani, Bagamoyo ni chaguo zuri kwa kuwa ipo takriban kilomita 70 kutoka jijini. Kilomita chache kusini mwa mji huo yapo magofu ya Kaole, yenye msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, yaani mawe yatokanayo na viumbe wa baharini, yaliyoshikanishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayohayo. Mtoto akipitisha kiganja kwenye ukuta atahisi matundu na mistari ya viumbe hao, na swali litakalofuata, kwamba Kaole, iliyokuwa mji wa bandari, imekuwaje mbali na maji, linajibika palepale kwa kuitazama mikoko iliyoota mahali ambapo tope limejaa.

Shule za kaskazini zina Bonde la Olduvai, ambako Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959. Za Tanga zina mapango ya Amboni. Za Lindi zina Kilwa Kisiwani, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Umaarufu si sharti, kwa maana kiwanda kidogo cha kukamua alizeti kilichopo kilomita tano kutoka shuleni kinaweza kufundisha sayansi zaidi ya mbuga ya mbali, alimradi mwenyewe amekubali kueleza kazi yake kwa watoto.

Kabla ya kuamua, mwalimu kiongozi wa ziara aende mwenyewe kuona, kwa kuwa kupiga simu hakutoshi. Anapofika akague:

- vyoo, idadi yake, kama vina maji, na kama vya wasichana vimetengwa na vina sehemu ya kubadilishia taulo za kike;
- kivuli cha kukaa na kula kwa kundi zima;
- sehemu za hatari, kama kisima, mteremko, ukuta unaomomonyoka au maji ya kina;
- kituo cha afya kilicho karibu, na dakika zinazohitajika kukifikia;
- njia ya mtoto mwenye ulemavu wa viungo au uoni hafifu;
- kiingilio cha wanafunzi, ambacho mara nyingi ni nafuu lakini huhitaji barua ya shule.

Majira

Miezi ya Machi hadi Mei ni ya masika katika sehemu kubwa ya nchi, na barabara za vumbi huwa matope. Kipindi cha Julai hadi mwanzoni mwa Septemba ni kikavu, na ndicho kinachofaa zaidi kwa madarasa yasiyo ya mtihani. Kalenda iangaliwe pia ili ziara isiangukie mwezi wa Ramadhani, na ratiba ya Ijumaa iache nafasi ya swala. Wanaokwenda ufukweni waulize wavuvi wa mahali hapo saa za maji kupwa na kujaa, kwa sababu maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, yaani zile zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hurudi kwa nguvu na kufunika miamba ambayo saa chache kabla watoto walikuwa wakitazama kaa na majongoo bahari.

Wiki mbili kabla ya safari

Hiki ndicho kipindi kinachopuuzwa, na ndicho chenye thamani kubwa. Kazi zake zifuate mpangilio huu:

1. Mwalimu aandike swali kuu moja la ziara, kwa mfano, "Watu wa Kaole walipata wapi vifaa vya kujengea?", na alibandike ukutani darasani.
2. Wanafunzi waandike maswali yao madogo, kila mmoja mawili, na mwalimu ayachuje yaliyo tofauti na kuyagawa kwa makundi.
3. Kila kundi lipewe kazi ya kufanya mahali hapo: kupima kwa hatua, kuhesabu, kuchora au kumhoji mwongozaji.
4. Msamiati mgeni ufundishwe mapema, ili mwongozaji anapotaja matumbawe au nguzo asiwe anazungumza peke yake.
5. Mwongozaji atumiwe maswali hayo siku chache kabla, kwa kuwa asipoyapata atatoa hotuba ileile anayowapa watalii.

Upande wa utawala, mwalimu mkuu aishirikishe kamati ya shule na kuomba kibali katika ofisi ya elimu mapema, kisha fomu za ridhaa ziende nyumbani. Fomu ya ridhaa ni karatasi ambayo mzazi au mlezi huitia saini kukubali mtoto asafiri, baada ya kuelezwa mahali, saa, usafiri na gharama. Fomu isiyo na nafasi ya kuandika maradhi ya mtoto, dawa anazotumia, vyakula vinavyomdhuru na namba mbili za simu haijakamilika.

Fedha, na mtoto ambaye kwao hakuna

Elimu ya msingi katika shule za umma hutolewa bila ada, na mchango wa ziara hauwezi kuwa sharti linalomfukuza mtoto darasani au kumwaibisha. Gharama itangazwe mwanzoni mwa muhula ili mzazi alipe kidogokidogo, na mchanganuo wake (nauli, kiingilio, chakula, dharura) ubandikwe kwenye ubao wa matangazo. Majina ya ambao hawajalipa yasisomwe mstarini kamwe. Mtoto aliyesimamishwa mbele ya wenzake kwa sababu ya shilingi elfu chache hatakumbuka magofu wala twiga, na kosa hilo hufanywa na watu wenye nia njema kabisa. Njia iliyo bora ni kamati kutenga fungu dogo ndani ya bajeti kwa ajili ya watoto wa aina hiyo, likafahamika kwa mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa tu. Fungu lisipotosha, ni afadhali kuchagua mahali pa karibu ambapo darasa zima litafika kuliko mahali pa mbali patakapofikiwa na nusu yake.

Usafiri

Hapa hakuna nafasi ya kuoneana haya. Shule inayokodi basi izingatie haya:

- kila mtoto awe na kiti chake, pasiwe na mtoto wa kupakatwa wala wa kusimama;
- basi likaguliwe na askari wa usalama barabarani siku moja kabla, kwa sababu kasoro ikigunduliwa asubuhi ya safari, watoto wakiwa wamekwishapanda, kila mtu hushawishika kuifumbia macho;
- leseni ya dereva na bima ya gari zionekane kwa macho, na safari ndefu iwe na madereva wawili;
- safari ianze baada ya kupambazuka na iishe kabla ya giza, na ikichelewa kuanza, sehemu ya ziara ifutwe badala ya kuongeza mwendo;
- mwalimu mmoja akae mbele na mwingine nyuma, na yeyote kati yao awe na mamlaka ya kumwamuru dereva apunguze mwendo.

Tangu Juni 2024 treni ya umeme husafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa muda usiofika saa mbili, na kwa shule zilizo karibu na stesheni safari yenyewe ni somo. Mipango ya basi la kupokea upande wa pili ikamilishwe kabla, kwa kuwa stesheni ya Morogoro haipo katikati ya mji.

Kuhesabu watoto

Idadi ya jumla pekee hudanganya, kwa kuwa mtoto mmoja anaweza kuhesabiwa mara mbili na mwingine kusahauliwa. Utaratibu unaotegemeka ni kugawa watoto katika makundi ya kumi, kila kundi na mtu mzima wake, na kila mtoto kuwa na namba yake. Mkuu wa kundi anaposema "namba", moja hadi kumi huitikia kwa zamu, na kimya cha namba saba hujulikana papo hapo kuwa ni cha nani. Kuitikia huku kufanyike kabla ya kuondoka, baada ya kushuka, kabla na baada ya choo, baada ya chakula, na kabla ya basi kusogea. Panapokuwa na maji ya kina au mashua, mtu mzima mmoja asisimamie zaidi ya watoto watano, na kila mtoto avae jaketi okozi kabla ya kuingia chomboni.

Chakula na dawa

Wali uliopikwa usiku na kufungwa ukiwa moto huchacha kabla ya saa saba mchana katika joto la Pwani, na kuumwa tumbo kwa kundi zima hutokea hivyo. Chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi na machungwa husafiri salama zaidi. Kila mtoto awe na chupa ya maji yenye jina lake, na basi libebe madumu ya akiba. Sanduku la huduma ya kwanza lishikwe na mwalimu mmoja anayejulikana, pamoja na dawa za watoto wenye pumu, kifafa au selimundu. Mtoto mwenye selimundu, yaani ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, anahitaji kunywa maji mara kwa mara na kukingwa na baridi, hivyo maelezo ya wazazi wake yafuatwe neno kwa neno.

Usiku

Mahali pa kulala panaweza kuwa shule ya bweni iliyo likizoni, kituo cha vijana, au hosteli za wanafunzi zilizopo katika baadhi ya hifadhi. Popote pale, masharti hayabadiliki:

- wasichana walale jengo au upande wao wakiwa na walimu wa kike, na wavulana wakiwa na walimu wa kiume;
- mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mmoja ndani ya chumba kilichofungwa, awe mwalimu, dereva, mpishi au mwenyeji;
- mlango wa bweni usifungwe kwa kufuli kutoka nje kwa sababu yoyote, na watoto waonyeshwe mlango wa pili wa kutokea kabla ya kulala, kwani moto hausubiri mwenye ufunguo;
- mishumaa na vibatari visiruhusiwe, zitumike tochi;
- kila kitanda kiwe na chandarua;
- walimu wapeane zamu ya kukesha, na mtoto anayekwenda choo asindikizwe na mwenzake huku mwalimu wa zamu akijua.

Kuhusu mtoto anayekojoa kitandani, mzazi amweleze mwalimu faraghani, kisha mtoto apewe kitanda cha chini, aamshwe usiku, na shuka la pili liwe limefichwa tayari. Jambo hilo likisimamiwa kimya hakuna atakayejua, na mtoto ambaye angebaki nyumbani kwa aibu atasafiri na wenzake.

Mashaka yanayotajwa mara nyingi

*Watoto watapoteza vipindi.* Hoja hii ina ukweli ikiwa ziara haina swali wala kazi, maana hapo ni pikiniki. Ikiwa imepangwa kama ilivyoelezwa, vipindi havijapotea bali vimehamishwa.

*Mambo hayo yote yapo kwenye runinga na simu.* Picha huonyesha kile ambacho mpiga picha amechagua kukionyesha, ilhali mtoto aliyepo mahali hapo huchagua mwenyewe pa kutazama, na anaweza kugusa, kunusa na kumuuliza mwenyeji aliye mbele yake.

*Binti yangu hajawahi kulala nje ya nyumbani.* Mzazi huyu asibezwe, kwa kuwa hofu yake ni ya haki. Aalikwe kwenye kikao, aonyeshwe mpango wa kulala, atambulishwe kwa mwalimu wa kike atakayekuwa na binti yake, na aulizwe kama angependa kuwa miongoni mwa wazazi wasindikizaji. Akikataa baada ya hapo, uamuzi wake uheshimiwe, na mtoto apewe kazi halisi inayohusiana na ziara, kama vile kupokea picha na taarifa na kuandaa ramani ya darasa.

Baada ya kurudi

Siku inayofuata, kabla kitabu chochote hakijafunguliwa, watoto wachore kwa kumbukumbu kitu kimoja walichokiona, na michoro ilinganishwe, kwa kuwa tofauti zake zitazaa maswali. Kisha makundi yatoe taarifa zake mbele ya darasa na swali kuu lililobandikwa ukutani lijibiwe kwa maandishi.

Insha ya "Ziara Yetu" inahitaji uangalifu. Ikiachwa hivyo, karibu kila mtoto ataandika kwamba waliamka mapema, wakapanda basi, wakaimba njiani, wakafika salama, wakala, wakarudi wamechoka lakini wenye furaha. Mwalimu atoe kichwa kinachobana zaidi, kwa mfano ukuta wa Kaole, mlango wa msonge, au sauti ya kwanza iliyosikika usiku, na aruhusu ukurasa mmoja tu. Barua ya shukrani kwa mwongozaji iandikwe na wanafunzi wenyewe, kila kundi likitaja jambo moja lililojifunza, na itumwe ndani ya wiki hiyo.

Hesabu ya mapato na matumizi ibandikwe palepale ulipokuwa mchanganuo wa awali. Mwisho, mwalimu kiongozi aandike katika daftari la ziara yale ambayo hakuna atakayeyakumbuka mwaka ujao: kwamba geti hufunguliwa saa tatu na si saa mbili, kwamba maji ya kunywa yaliisha saa nane, kwamba mteremko nyuma ya jengo unahitaji mwalimu wa kusimama hapo muda wote, na jina la mwongozaji aliyejibu maswali ya watoto kwa subira.